Punje ya Ziwa na Neno "Sikuona"

Mtu wa pwani akisikia kwamba huko bara, upande wa Eldoret, kuna mji uitwao Ziwa, fikira yake ya kwanza huenda kwenye maji, ngarawa na samaki. Hata mimi ndivyo ilivyonijia. Lakini nilipofika niliona mahindi kulia na mahindi kushoto, ng'ombe malishoni, na mikebe ya maziwa ikingojea gari kando ya njia. Hapo nikakumbuka kuwa lugha yetu ina maziwa mawili: lile la maji, na lile ambalo mama humnyonyesha mwanawe. Hili la pili ndilo lipafaalo zaidi mahali hapa, kwani Uasin Gishu ni miongoni mwa sehemu zinazoilisha Kenya nzima, na sima tunayoisonga Mombasa na Malindi mara nyingi huwa imeanza safari yake katika mashamba kama haya.

Nilifika Ziwa mwezi wa Novemba, wakati wa mavuno, nikifuatana na mpwa wangu ambaye ni mfanyabiashara wa nafaka. Mimi kazi yangu ni kalamu, sijui bei ya gunia inavyopanda wala inavyoshuka. Lakini mpwa wangu ana imani yake kwamba mzee mwenye kofia akikaa kitini wakati wa mapatano, maneno huwa machache na bei huwa ya haki. Nami nilikubali kwenda kwa kuwa nilikuwa na swali langu la tangu utotoni, nikadhani pengine nitapata walau sehemu ya jibu mahali ambapo watu wanashika punje mikononi kila siku.

Swali lenyewe lilianzia chuoni. Tulikuwa tukisoma katika chumba chenye dirisha moja dogo, na asubuhi jua likipanda, mwangaza uliingia kwa mshazari mpaka kwenye mkeka. Ndani ya mwangaza ule zilionekana chembe za vumbi, maelfu kwa maelfu, zikipanda na kushuka. Tulipofikia ile sura inayotaja amali yenye uzito wa dharra, mwalimu wetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliingiza bakora yake katika ule mwangaza akatwambia kuwa wafasiri wengine husema dharra ni sisimizi mdogo, na wengine husema ni chembe kama hizi. Mimi kwa utundu wa kitoto nikauliza: "Na nusu ya chembe, mwalimu, yaitwaje?" Watoto wakacheka. Mwalimu hakucheka wala hakunipiga. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Nusu yake nayo ina mwenye kuijua. Soma."

Baadaye, nilipokua, nilitambua kuwa mwalimu hakunikwepa. Qur'ani haikuishia kwenye dharra. Katika sura ya Yunus na ya Saba kimetajwa pia kilicho kidogo kuliko hiyo. Basi swali likabaki nami: mwanadamu, kwa macho yake na vyombo vyake, amefika wapi katika kushuka huko, na akifika mwisho wa uwezo wake, yampasa aseme nini?

KARATASI YA MAABARA

Kutoka Eldoret, mji ambao wazee bado huuita Sikisti Foo kwa ajili ya shamba nambari 64 lililokuwa hapo zamani, njia ya kwenda Ziwa hupita mbele ya Chuo Kikuu cha Eldoret, pale Chepkoilel, kisha huendelea katika nchi ya tambarare iliyoinuka kiasi cha mita 2,000 juu ya bahari. Kwa mtu wa Mombasa hewa ile ni ya baridi. Nilivaa koti nililokuwa sijalivaa kwa miaka.

Mwenye shamba alikuwa mama wa makamo, mjane, mkulima wa miaka mingi. Mpwa wangu alimsalimia kwa Kikalenjin alichokiokota njiani, "Chamgei, mama", naye akajibu "Chamgei mising" huku akicheka kwa jinsi lafudhi ilivyokuwa ya kibahari. Akatukaribisha kwa mursik, maziwa ya kugandisha katika kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa makaa ya mti. Nilikunywa nikayasifu. Nikawaza kuwa bibi yake bibi huyu, kama bibi zetu waliokuwa wakiumua mkate wa kumimina kwa hamira, alivitumikisha viumbe asivyoviona wala kuvijua jina. Mwanadamu alikula kazi ya kidogo kabla hajakiona.

Baada ya mursik tukaenda ghalani. Mpwa wangu alikuwa na haja ya magunia 60. Alichoma bambo katika gunia moja, akatoa punje kiganjani, akatia moja mdomoni na kuiuma. Ikavunjika kwa mlio. Akaridhika. Hapo alikuwapo kijana mmoja wa mtaa ule, aliyesomea mambo ya nafaka, mwenye kipima unyevu cha kushika mkononi. Akatia punje zake, akangoja, akatuonyesha: asilimia 15.2. Kiwango cha kuhifadhia mahindi hapa Kenya ni asilimia 13.5 au chini yake. Meno ya mpwa wangu yalikuwa yamepita mpaka wa uwezo wao.

"Si kitu, mjomba," akanambia, "yatakauka njiani. Na sumu hakuna. Wiki iliyopita nilitumiwa kilo moja kutoka hapa nikaipeleka maabara. Karatasi hii hapa, imesema hakuna."

Nikavaa miwani nikaisoma. Karatasi haikusema hakuna. Ilisema mambo mawili: kwamba kiasi cha sumukuvu katika sampuli ile kilikuwa chini ya kile ambacho chombo chao kinaweza kukiona, na kwamba matokeo yale yanahusu sampuli iliyopokewa tu.

"Soma tena, mwanangu," nikamwambia. "Hawa hawakusema hakuna. Wamesema hawakuona."

Lori lilikuwa limekodiwa kwa siku, na mawingu yalikuwa yakikusanyika. Mpwa wangu alinitazama kama mtu aliyeuliza njia akapewa hesabu ya nahau. Lakini kati ya maneno hayo mawili, hakuna na sikuona, watu wamekufa katika nchi hii.

SUMU ISIYO NA RANGI WALA HARUFU

Mwaka 1960 huko Uingereza walikufa bata mzinga zaidi ya 100,000 kwa muda wa miezi michache. Waganga wa mifugo hawakujua sababu, wakauita ule ugonjwa kwa herufi X, yaani herufi ya kitu kisichojulikana. Baadaye ikabainika kuwa walilishwa mashudu ya njugu yaliyoota kuvu, na kwamba kuvu hiyo, iitwayo Aspergillus flavus, hutoa sumu. Sumu ikapewa jina la aflatoksini. Kwa Kiswahili tumeizoea kwa jina la sumukuvu. Kabla ya hapo haikuwa na jina, lakini ilikuwako, na kwa hakika ilikuwa ikiua.

Kwetu Kenya, mwaka 1981 huko Machakos, watu 20 walilazwa hospitali kwa sumu hii na 12 kati yao wakafariki. Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni, Kitui na jirani zake, hadi mwezi wa Julai walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 317, na 125 kati yao walikufa. Mahindi yalihifadhiwa yakiwa na unyevu, kuvu ikaota, watu wakala. Katika sampuli zilizochukuliwa wakati ule, zaidi ya nusu zilipita sehemu 20 katika bilioni, na baadhi zilipita sehemu 1,000. Kiwango cha Kenya hakiruhusu kupita sehemu 10 katika bilioni.

Hebu tuipime bilioni kwa punje. Gunia la kilo 90 lina kiasi cha punje 300,000. Punje bilioni moja, basi, zinajaza magunia zaidi ya 3,000. Sehemu moja katika bilioni ni sawa na uzito wa punje moja ndani ya magunia yote hayo. Sumu ya kiasi hicho haina rangi, haina ladha wala harufu, na moto wa kusongea sima hauimalizi. Anayeila kwa wingi huharibika ini kwa siku chache. Anayeila kidogo kidogo kwa miaka hujiweka katika hatari ya saratani ya ini, na hatari hiyo huzidi sana kwa mwenye ugonjwa wa ini uitwao hepatitisi B.

Lililonishangaza zaidi ni jambo alilolieleza yule kijana wa kipima unyevu. Sumukuvu haikuenea sawasawa kama chumvi ndani ya mchuzi. Hukaa punje hii na kuiacha ile. Wachunguzi wameripoti punje moja moja za mahindi zenye sehemu 400,000 katika bilioni. Punje moja ya namna hiyo ikiangukia katika kilo moja ya punje safi, unga wake utapita kiwango cha sheria zaidi ya mara kumi. Sasa jiulize, msomaji: bambo lilichota kiganja kimoja kutoka gunia lenye punje 300,000. Je, punje ile ilikuwa ndani ya kiganja, au ilibaki gunia? Wataalamu wenyewe wanakiri kuwa sehemu kubwa ya makosa ya upimaji haitoki katika chombo cha maabara. Hutoka katika kile kiganja.

KUSHUKA NGAZI

Jioni tulikaa barazani kwa yule mama, mvua ikinyesha, nami nikaanza kuishuka ngazi ya udogo katika fikira zangu, daraja baada ya daraja.

Daraja la kwanza ni jicho. Linaona punje, linaona vumbi la kuvu la rangi ya kijani iliyochanganyika na manjano likiwa limekusanyika, lakini mbegu moja ya kuvu hiyo halioni. Ukizipanga mbegu hizo kwa mstari, milimita moja itachukua kiasi cha 250.

Hapo ndipo ilipokuja hadubini. Huko Delft, nchi ya Uholanzi, alikuwako mwuza nguo jina lake Antoni van Leeuwenhoek, aliyejitengenezea vioo vidogo vya kukuzia. Mwaka 1676 aliroweka pilipili manga katika maji, akitaka kujua kwa nini inawasha. Ukali hakuuona, lakini aliona viumbe hai vikiogelea, vingi mno. Alipoiandikia jumuiya ya wataalamu ya London walitia shaka, mpaka mwaka uliofuata Robert Hooke alipotazama mwenyewe na kuthibitisha. Pilipili ile ilikuwa imeliwa na kuuzwa na watu wa Bahari Hindi kwa karne nyingi, na hakuna aliyejua kuwa maji yake yana wakazi.

Lakini hadubini nayo ina ukuta wake. Mwaka 1873 Ernst Abbe, Mjerumani wa mji wa Jena, alionyesha kwa hesabu kuwa hadubini ya kawaida haiwezi kutenganisha vitu viwili vilivyokaribiana kupita kiasi cha nusu ya wimbi la mwangaza wenyewe, yaani kiasi cha milimita moja iliyogawanywa mara 5,000. Hata ukisugua kioo namna gani, tatizo halimo katika kioo. Limo katika mwangaza. Ni kama kutaka kuhisi mchoro wa sarafu kwa kuipapasa na goti.

Na molekuli ya sumukuvu, ile yenyewe inayochoma ini, ni ndogo mara mia na zaidi kuliko mpaka huo. Ina atomu 35 tu: 17 za kaboni, 12 za haidrojeni na 6 za oksijeni. Maabara haikuiona kwa sura. Huijua kwa athari, kwa mfano namna inavyong'aa chini ya mwangaza wa urujuani usioonekana: aina moja hung'aa buluu, nyingine kijani, na ndiyo sababu zikaitwa B na G kwa herufi za kwanza za majina ya Kiingereza ya rangi hizo. Tena ni lazima ziwe nyingi ndipo zing'ae vya kutosha kupimwa. Nilifanya hesabu nyuma ya ile karatasi ya maabara. Ikiwa chombo hakiwezi kuona chini ya sehemu 1 katika bilioni, basi kilo moja ya mahindi iliyoandikiwa kuwa haikuonekana kitu yaweza kuwa na molekuli za sumu karibu bilioni moja mara milioni mbili. Sisemi hivi kumtia mtu hofu, kwani kiasi hicho kimo ndani ya kiwango kinachoruhusiwa. Nasema ili tuone neno "hakuna" lilivyo zito, na lilivyo mbali na uwezo wetu.

Chini ya molekuli kuna atomu, na ndani ya atomu kuna kiini, alichokitambua Ernest Rutherford mwaka 1911. Lau kiini kingekuwa na ukubwa wa punje ya hindi, atomu yote ingekuwa na upana wa kiasi cha kilomita moja, na kati yake karibu patupu. Ndani ya kiini zimo protoni na nyutroni, na ndani yake zimo chembe ziitwazo kwaki, zilizofikiriwa mwaka 1964 na kupata ushahidi kuanzia mwaka 1968. Kwaki na elektroni hazijaonekana kuwa na sehemu ndani yake, hata kwa mashine kubwa ya Geneva yenye duara la kilomita 27 chini ya ardhi. Wataalamu waangalifu hawasemi kuwa hazina sehemu. Husema hazijaonekana. Wao pia wanalijua neno lile.

Na ukuta mwingine ukatokea. Mwaka 1927 Werner Heisenberg alionyesha kuwa huwezi kujua kwa ukamilifu, kwa wakati mmoja, chembe ipo wapi na inakwenda kwa mwendo gani. Ukilijua moja sana, la pili hufifia. Wengi huueleza mpaka huu kwa mfano wa mtu anayemtafuta sisimizi gizani kwa kijiti: akimgusa amejua alipokuwa, lakini kijiti kimekwisha mbadilishia njia. Mfano husaidia, ila jambo lenyewe ni zito zaidi, kwani mpaka haumo katika kijiti tu. Umo katika maumbile ya chembe yenyewe. Na mbali kabisa chini kuna kipimo kinachoitwa urefu wa Planck. Andika moja, fuatisha sifuri 32, kisha ugawanye milimita kwa idadi hiyo. Hapo ndipo wataalamu wanapodhani kuwa hata maana ya "hapa" na "pale" haisimami tena. Hakuna mashine iliyowahi kukaribia huko.

MZOZO WA BASRA

Nikiwa barazani nilikumbuka kuwa swali langu la utotoni lilikwisha gombaniwa na watu wakubwa zaidi ya miaka 1,100 iliyopita, katika Basra, mji ambao babu zetu waliujua kwa tende zilizoletwa na majahazi ya msimu. Abu al-Hudhayl al-Allaf alisema kuwa kila kitu kikigawanywa na kugawanywa, mwisho kitafika kwenye sehemu isiyogawanyika tena. Al-Nazzam, mwanafunzi wake na mtoto wa dada yake, akakataa: hakuna sehemu ila ina nusu. Wapinzani wakamwuliza: kama ni hivyo, sisimizi anayetembea juu ya kiatu atafikaje upande wa pili, naye ana sehemu zisizo na mwisho za kuzivuka? Al-Nazzam akajibu kuwa huruka, akatoka hapa akawa pale bila kupita katikati. Wengi walimcheka.

Wanazuoni wa madhehebu ya Ash'ari, ambao itikadi yao ndiyo iliyoenea katika vyuo vya pwani yetu, wengi wao walishika kauli ya sehemu isiyogawanyika. Lakini Fakhruddin al-Razi, aliyefariki mwaka 1210, na ambaye hakuna aliyemshinda kwa kupanga hoja, alizitazama hoja za pande zote mbili, na katika mojawapo ya maandishi yake akasimama bila ya kuhukumu. Mtu wa elimu kiasi kile akasimama! Na imepokewa kuwa Imamu Malik aliulizwa masuala 48, akajibu 32 kati yake kwa neno "sijui". Mwalimu wetu alikuwa akitwambia kuwa neno hilo ni nusu ya elimu, nasi tukidhani ni mzaha wa kumfurahisha mvivu.

Sasa nalifahamu. Anayesema "sijui" ameuwacha mlango wazi ili aje mwingine achunguze. Anayesema "hakuna" ameufunga. Ile X waliyoiandika waganga wa bata mzinga ilikuwa "sijui" ya watu waaminifu, na kwayo sumu ikapatikana.

MAGUNIA MANNE

Asubuhi yake tulirudi ghalani. Mpwa wangu hakulala vizuri. Alimwuliza mama wazi mbele yangu: "Mama, mahindi haya ni salama?"

Mama akafikiri, kisha akajibu: "Mimi najua nilivyoyavuna na nilivyoyaanika. Kilicho ndani ya punje sikijui." Akanyosha mkono kwenye pembe ya ghala. "Lakini yale magunia manne msichukue. Mvua ya mwezi uliopita iliingia pale kwenye bati. Nimeyatenga. Hayo siyauzi."

Tulinyamaza. Bambo halikugusa magunia yale. Sampuli ya kilo moja huenda haikuwa na hata punje yake moja. Chombo cha maabara, pamoja na thamani yake yote, hakikuwa na njia ya kujua kuwa mvua iliingia kwenye bati. Mama alijua, na alikuwa na khiyari ya kunyamaza. Mnunuzi alikuwa amekwisha leta karatasi yake mwenyewe. Angeyachanganya tu na mengine, na hakuna mahakama ambayo ingemfikia.

Hapo nikaona mahali ambapo vyombo huishia. Wakati mwingine huishia kwenye wimbi la mwangaza, na wakati mwingine huishia kwenye moyo wa mtu. Kilichobaki baada ya hapo ni amana.

Mpwa wangu akaamua kungoja. Tulitandaza maturubai, jua likatoka siku ya kwanza, siku ya pili likatoka nusu, na ya tatu likawaka kutwa. Kipima unyevu kikasoma asilimia 13.1. Lori lilidai fedha zake za kungoja, nazo hazikuwa kidogo. Mama akapunguza kidogo katika bei ya kila gunia, akasema hasara ya mvua isimwangukie mmoja. Tukapakia magunia 56, na mpwa wangu akatafuta manne kwa jirani, baada ya kuyapima.

Njiani nilimkumbusha kuwa amana haikuishia Ziwa. Kuvu hii hupenda joto kuliko baridi. Mahindi yanayoteremka kutoka mita 2,000 hadi ufukweni huingia katika joto na unyevu wa pwani yetu, na ghala zetu za mabati ndizo zinazoweza kumaliza kazi ambayo baridi ya bara iliizuia. Mara nyingi tumezoea kulaumu mkulima wa mbali na kusahau sakafu ya duka letu. Siku hizi magunia yake yako juu ya mbao, mbali na ukuta, na kila wiki hulifungua moja akatia mkono ndani kuhisi joto.

Nawe msomaji, nyumbani kwako, una chombo ambacho mama zetu walikitumia kabla ya Leeuwenhoek: ungo. Kuchagua na kutoa punje zilizovunjika, zilizotobolewa na zilizobadilika rangi hupunguza sumu kwa kiasi kikubwa, ingawa hakuimalizi. Na hizo zilizotolewa usimpe kuku wala ng'ombe, kwani sumu humrudia mwanadamu kwa njia ya maziwa. Ukitaka kujua kama mahindi yako yamekauka, tia punje na chumvi kavu katika chupa kavu, utikise. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu ungalipo. Isipoganda, sema kuwa hukuuona, kisha uendelee kuwa na hadhari.

Nimelipata jibu la swali langu? Nusu ya chembe sikuijua jina, na waliokwenda mbali zaidi yangu bado wanaitafuta. Nimejua tu la kusema nikifika ukutani, na ubeti huu niliuandika kwenye lori, mahali fulani baada ya Nakuru:

Kidogo usidharau, kwa kuwa hukukiona,
Mola hakukisahau, kwake kina lake jina,
Nawe mja u kidau, ng'ambo bado hujaona,
Usinene ya hapana, sema tu sijakiona.